Adabu ya Ulimi Baina ya Watunga Programu

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinijia barazani jioni moja baada ya magharibi, kompyuta yake ya mkononi ameikumbatia kifuani kama mtoto wa chuoni aliyekumbatia juzuu yake. Aliniamkia, nikamwitikia. Akaketi. Kijana huyu ni msemaji sana, lakini siku hiyo alikaa kama mgeni aliyekuja kuposa.

“Mjomba,” akasema baada ya kikombe cha pili cha kahawa, “wewe ni mtu wa maneno. Nisomee barua hii, uniambie nimekosa adabu wapi.”

Ndugu msomaji, kijana huyu kazi yake ni kutunga programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta au simu ifanye nini na wakati gani. Alikuwa ameona kosa katika programu moja ya bure inayotumiwa na watu wa nchi nyingi, akakesha siku tatu akilitengeneza, kisha akawapelekea wenyewe dawa yake. Jibu lilimjia usiku wa manane kutoka kwa mtu asiyemjua. Lilikuwa la mistari miwili. Wa kwanza ulisema kazi ile ni upuuzi. Wa pili ukamwambia aende akajifunze kwanza, asipoteze wakati wa watu. Hapakuwa na neno hata moja la kuonyesha kosa liko wapi.

Nilinyamaza kitambo. Si kwamba sikuelewa. Barua kama ile niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, tena kwa vina. Hayo nitayafikia mbele.

KAZI YA MIZANI

Hapana shaka wako watakaouliza mshairi na kompyuta wamekutana wapi. Mimi nawaona ni majirani wa ukuta mmoja. Anayetunga shairi la tarbia ajua kwamba mshororo una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na ikipungua moja mwimbaji atajikwaa hata awe na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mtunga programu naye akisahau nukta-mkato moja, au akafungua bano asilifunge, kazi nzima yaweza kukataa kuamka. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa shairi husamehe, na kompyuta haisamehe. Kwa hiyo watu hawa hushinda na kukesha wakisaka makosa. Ndiyo kazi yao, na mwenye jicho kali ndiye anayeheshimiwa. Hatari nayo inaanzia papo hapo. Jicho lililozoea kusaka kosa katika mistari huhama polepole, likaanza kulisaka katika mtu aliyeiandika.

Mfano ninaoujua vyema ni wa Linux. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, wakati huo kijana wa miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, akawaomba maoni. Mwenyewe aliuona ni mchezo wa kupitishia wakati. Leo kiini cha mfumo huo kina mistari zaidi ya milioni 30. Ndicho kilichomo ndani ya simu zote za Android, pamoja na ile ambayo muuza mahamri wa Majengo hupokelea malipo yake, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kushinda nyingine duniani huendeshwa nacho. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na watu takriban 2,000 hutia mkono katika kila toleo. Wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mtu akiona pa kurekebisha huandika kiraka, yaani mistari anayoiondoa na mistari anayoitia mahali pake, akaeleza kwa maneno sababu ya kufanya hivyo. Hukipeleka kwa barua pepe kwa mtunzaji wa sehemu ile, mbele ya macho ya wote. Mtunzaji hukisoma mstari kwa mstari, na jibu lake huliweka chini ya mstari unaohusika: hapa umeazima nafasi ya kumbukumbu na hukuirudisha, hapa jina ulilolichagua halielezi kitu, hapa umebadilisha mambo mawili kwa pamoja, yatenge. Mwenye kiraka hurekebisha akakirudisha mara ya pili, ya tatu, pengine ya kumi.

Niliposimuliwa haya nilikumbuka chuoni. Mwalimu wetu alikuwa akisikiliza kwa macho ya kufumba, mtoto anasoma, na akikosea mwalimu hugonga jamvi kwa kidole. Mtoto hurudi nyuma akasoma tena. Mwalimu hakusema mengi, kugonga kulitosha. (Wako walimu waliogonga kwingine badala ya jamvi, na migongo yetu ni shahidi, lakini hayo ni makala mengine.)

Torvalds hakuwa mtu wa kugonga jamvi. Kwa miaka mingi alijulikana kwa ufundi wake na kwa ulimi wake pia. Desemba 2012 mtunzaji mmoja mzoefu alitetea mabadiliko yaliyokuwa yameharibu programu za watumiaji, akadai kosa ni la programu hizo. Torvalds alimwamuru hadharani afunge mdomo, kwa tamko ambalo ukumbi huu hauwezi kulichapa. Ninalotaka msomaji alishike ni hili: katika hoja yenyewe Torvalds alikuwa na haki. Sharti la kiini kile ni kwamba programu iliyokuwa ikifanya kazi jana isiharibike leo kwa sababu ya marekebisho ya ndani. Ni sharti zuri. Fundi anayetengeneza bomba lako hana ruhusa ya kubomoa kisima cha jirani. Lakini haki ile ilivishwa nguo chafu, na waliosoma wakaikumbuka nguo.

Mwaka 2013 mhandisi mmoja wa kampuni ya Intel, aliyekuwa akitunza sehemu ya USB 3.0, alimwambia mbele ya wote kwamba mwendo huo haufai. Wakajibizana. Torvalds alishikilia kwamba ukweli wa waziwazi ni bora kuliko heshima ya kinafiki, na kwamba hivyo ndivyo alivyo. Machi 2015 kukaandikwa waraka mfupi juu ya migogoro, wenye kuonya kwamba kazi ya kila mtu itakosolewa vikali na kumwelekeza aliyeonewa pa kupeleka malalamiko. Wengi waliuona mwepesi. Oktoba mwaka huo huo mhandisi yule alitangaza kwamba ameacha kazi ya kiini kile.

Hoja ya ukweli wa waziwazi nimeisikia pia katika mabaraza yetu, na watu huitoa kwa fahari: mimi sifichi, mimi nasema tu. Sikubaliani nayo. Kiraka kibovu ni kibovu hata mwenyewe akiambiwa kwa utulivu, na akitukanwa hakizidi ubovu. Tusi haliongezi habari yoyote. Anayeandikiwa “mstari wa 40 unarudisha jibu kabla ya kufunga faili” amepewa kitu cha kufanya kesho asubuhi. Anayeandikiwa “huna akili” amepewa nini?

MSAMAHA

Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds alifanya jambo ambalo wachache walilitarajia. Ndani ya barua yake ya kila juma ya kutangaza hatua ya kazi, aliandika kwamba amekuwa akiwajibu watu kwa ukali usiofaa, kwamba hakuwa mtu wa kuelewa hisia za wengine, na kwamba anawaomba radhi wale aliowaumiza na huenda aliowafukuza katika kazi ile kabisa. Akasema atapumzika kidogo, atafute msaada wa kujifunza kuwafahamu watu. Usukani akamwachia Greg Kroah-Hartman, ambaye ndiye aliyetoa toleo la 4.19 mwezi Oktoba, kisha Torvalds akarejea.

Siku ile ile ya msamaha ule waraka wa 2015 uliondolewa, zikawekwa kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant, waraka ulioandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014 na kutumiwa na jumuiya nyingi za watunga programu. Kanuni hizo zinataka mambo ambayo mtu wa Pwani angeyaona ya kawaida: lugha ya kumkaribisha mtu, kuheshimu rai tofauti, kupokea masahihisho kwa moyo mweupe, kumhurumia mwenzako. Zinakataza matusi, mashambulizi juu ya nafsi ya mtu, maneno ya uchafu, kumwandama mtu, na kutangaza habari zake za siri, mathalan anwani ya nyumbani kwake, bila ya idhini yake.

Si wote waliofurahi. Wako waliosema kwamba siasa imeingia kazini, kwamba sasa kiraka kibovu kitapokewa kwa kuogopa kumuudhi aliyekileta. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, na mimi ningekuwa mmoja wao ningeiuliza vile vile. Lakini matoleo yameendelea kutoka kwa mpango wake, na kazi mbovu zingali zinakataliwa. Mwezi Agosti 2025 Torvalds mwenyewe aliikataa kazi moja iliyochelewa kumfikia, akaiita takataka bila ya kumung’unya, lakini akaeleza ni msaada gani ndani yake uliokuwa mbaya na kwa nini. Malaika hajawa. Na kanuni nazo zina meno: Novemba 2024 kamati inayosimamia mwenendo ilimzuia mtunzi mmoja wa mfumo wa kuhifadhi faili asipeleke kazi yake katika muhula wote wa toleo la 6.13, kwa sababu ya maneno aliyomwambia mwenzake. Mtu huyo ni fundi hodari, na hakuna aliyelikana hilo.

Kabla ya Linux kufika huko, kuna ndugu zake waliotangulia. Mwezi Oktoba 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux kwa uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno hilo ni la lugha za Kinguni, na Mswahili hahitaji mkalimani, maana ni shina moja na utu wetu. Kanuni zao za mwanzo zilikuwa fupi: uwe mwenye kujali, uwe na heshima, shirikiana na wenzako, mkihitilafiana tafuteni ushauri, usipojua uliza. La mwisho ndilo lililonipendeza zaidi: ukitaka kuondoka, ondoka kwa taratibu, ujulishe wenzako na uwaachie kazi mahali wanapoweza kuiokota. Kwetu mtu haondoki barazani bila ya kuaga. Anayeinuka kimya watu humuuliza nani kamuudhi.

Na nyuma zaidi, Oktoba 1995, Sally Hambridge wa Intel alitoa waraka wa adabu za mtandao uliopewa nambari 1855. Nilipoonyeshwa yaliyomo nilicheka kwa furaha. Unashauri kwamba jibu la hasira lilale usiku mmoja kabla ya kupelekwa. Unasema kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kupiga kelele. Unamkumbusha mwandishi kwamba anayepokea ni binadamu, mwenye mila, lugha na mizaha isiyokuwa yake, na kwamba kejeli hasa ichungwe. Bibi yangu hakupata kuona kompyuta, na yote hayo alitufundisha, isipokuwa ya herufi kubwa.

SALAMU ZA MISTARI SITA

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, maana kesi ina pande mbili. Nilimwambia anionyeshe barua aliyoipeleka yeye. Ilianza na salamu, ikafuatia kuuliza hali, kisha shukurani kwa kazi yao nzuri, kisha maelezo ya kwamba yeye ni mwanafunzi tu na asamehewe. Mistari sita yote. Kosa alilolirekebisha lilitajwa katika mstari wa tisa, na kiraka chenyewe kilibadilisha mambo matatu yasiyohusiana.

Kwa desturi yetu barua ile ilikuwa na adabu tele. Hapa mtu huulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za kutwa, na ndipo haja itajwe, na anayeanza na haja huonekana kama mdai. Lakini mtunzaji anayepokea barua mia kwa siku, aliyejitolea bila ya malipo baada ya kazi yake ya mchana, heshima anayoitaka ni ya namna nyingine: mwambie programu ni ya toleo lipi, ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini, na umekwisha jaribu dawa gani. Hapo ndipo unapouheshimu wakati wake. Eric Raymond aliyaeleza hayo kwa urefu mwaka 2001 katika waraka wake juu ya namna ya kuuliza maswali, na nusu ya waraka ule naikubali kabisa. Nusu nyingine yamtaka muulizaji azoee ukali wa wajuzi na asiudhike, nayo naikataa. Huwezi kumfundisha mgeni kupiga hodi ukamsamehe mwenyeji anayemwagia maji machafu mlangoni.

Wanayo hata ile kauli fupi ya herufi nne za Kiingereza, maana yake soma kitabu cha maelezo, na katikati yake limetiwa tusi. Toa tusi, weka jina la kitabu na ukurasa, na kauli ile inakuwa msaada.

Tuliketi mimi na kijana mpaka baada ya isha. Kile kiraka kimoja tukakitenga vitatu. Mimi sikujua mistari ile ina maana gani; kazi yangu ilikuwa maelezo. Salamu tukaacha moja. “Mjomba, si itaonekana kiburi?” akauliza. Nikamwambia aweke shukurani mwisho, kwa maneno matatu, inatosha.

UKUMBI WA MASHAIRI

Nilisema kuna jambo nitalifikia.

Mashairi ya kujibizana ni kazi ya kale hapa. Muyaka wa Mwinyihaji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu siku za uhasama wa miji hii miwili, na ukali wake haukuwa mdogo. Lakini watu wale walijuana kwa majina na kwa koo. Maneno yao yalifungwa ndani ya mafumbo, na waliosikiliza walijua ni lini mtu anakuna na ni lini anakata. Sisi tuliorithi malumbano tukayaleta magazetini tuliubeba ukali, na ile hali ya kujuana tukaiacha njiani.

Mwaka 1996, nami sijatimiza miaka thelathini, kijana mmoja wa upande wa Kwale alipeleka shairi lake la kwanza katika gazeti nililokuwa nikiliandikia tungo. Ubeti wa tatu ulikuwa na mizani 7 katika utao badala ya 8. Nilimjibu kwa beti tisa. Nilimwambia shairi lake linachechemea kama punda aliyekanyaga msumari, nikamshauri arudi kuchunga mbuzi, na mengine ambayo leo siyaandiki. Lugha yetu yenyewe ina hila: adabu ni heshima, lakini kumtia mtu adabu ni kumwadhibu. Mimi nilijiona namtia adabu. Barazani wazee walinipa mkono, na mwenye mkahawa alikataa kupokea pesa ya chai.

Kijana yule sikuliona tena jina lake ukumbini. Miaka miwili baadaye nilikutana kivukoni Likoni na jamaa yake, akanieleza bila ya hasira kwamba daftari lake la mashairi alilitia jikoni, chini ya sufuria.

Kipande cha gazeti chenye shairi lake ninacho hadi leo, kwa kuwa nilikikata ili nihesabu mizani vyema. Nimekisoma tena juma hili. Lilikuwa shairi juu ya mamake, msuka mikeka, na namna vidole vyake vilivyokataa kunyooka hata alipolala. Sikuwa nimeliona hilo. Nilihesabu tu.

Viraka vya mpwa wangu vilijibiwa siku ya tatu, na mtu mwingine. Cha kwanza kilipokewa. Cha pili aliambiwa mistari miwili ya kubadilisha, akaibadilisha, kikapokewa. Cha tatu kilikataliwa kwa maelezo ya aya nzima, na kijana ameyasoma mara kadhaa, anasema amejifunza humo zaidi ya darasani.

Alipokuja kunipa habari nilimsimulia kisa cha Kwale. Aliniuliza jina la mshairi yule, akaandikaandika katika simu yake, na kahawa haijapoa akaniambia: ni mwalimu wa shule ya msingi, ana watoto wanne, nambari hii hapa. Nimeiandika nyuma ya bahasha. Leo ni siku ya nne. Barua nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeichana, maana nikifika mstari wa pili najikuta naeleza habari za mizani.